Nimezama na Hori la Mkwe

Jamani, mkwe wangu ameniona leo nikitolewa ziwani kwa ukosi wa shati. Aliyenitoa ni mwanamke. Bora mlisikie kwangu kabla halijafika huko Moshi na madereva wa malori ya kahawa, maana wao wataongeza kiboko. (Kiboko hakuwepo.)

Mnajua posa yangu kwa Anaeli imekaa tangu mavuno ya kahawa. Baba yake, Mzee Mbise, ana neno moja tu juu yangu: eti mtu anayevaa viatu siku za kazi na kubeba sahani za Wazungu hotelini amekwisha kuwa mgeni nyumbani. Leo jioni ndiyo angetoa jibu.

Sasa asubuhi, wageni wetu wa likizo kutoka Dar es Salaam, Bwana na Memsahibu, walikuwa wanakula mayai. Memsahibu anapenda ndege kuliko chakula. Akamuuliza mumewe kama ziwani Duluti kuna mtumbwi, awatazame ndege wa majini kwa karibu. Mimi nimesimama na birika la chai. Nani aliniuliza? Hakuna. Nikajibu, "Upo, Memsahibu. Wangu mwenyewe."

Mtumbwi sina. (Kuogelea pia sijui. Sisi watu wa mlimani maji tunayajua ya mfereji, yanakomea magotini.)

Nilichokuwa nakifikiria ni hori la Mzee Mbise, lile gogo alilolichimba la kuchachushia mbege, pombe yetu ya ndizi. Ni refu, watu wawili wanaenea. Tulipofika kwake na gari la wageni, Mzee alikuwa ameshakwenda sokoni Tengeru. Mama Anaeli akanitazama nalitoa kibandani.

"La nini tena, mwanangu?"

"Nakwenda kuliosha, mama."

(Si uongo mtupu. Majini liliingia.)

Kaka zake Anaeli wakanisaidia kulibeba mpaka ziwani. Bwana akabaki ukingoni na kamera yake. Mimi na Memsahibu tukaingia, kasia langu likiwa mwiko wa kukorogea pombe. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Tukaona mdiria. Tukaona furukombe akinyakua samaki. Memsahibu anaandika kwenye daftari, mimi napiga mluzi kama baharia mzoefu.

Mara kenge mkubwa akajitupa majini kutoka kwenye mzizi, karibu kabisa. Memsahibu akageuka ghafla amwone. Hori likalala upande, maji yakaingia, yakatufika vifundoni.

"Maji!" akasema.

"Usijali, Memsahibu. Nayatoa sasa hivi."

Hapa mnisikilize vizuri. Hori la pombe lina tundu chini, upande mmoja, na kizibo cha gome la mgomba. Tangu utoto wangu, nikiosha hori nyumbani, maji machafu yakijaa nafanya nini? Nachomoa kizibo, yanatoka. Mkono ukaenda wenyewe. Nikachomoa.

Hayakutoka.

Memsahibu akaliangalia tundu, akaniangalia mimi. "Wewe nafanya nini?" Nikajaribu kukirudisha kizibo, kikaniponyoka. Nikaziba kwa kisigino. Hori likapinduka, nasi tukaenda. Nilimwita Mungu, nikamwita mama yangu, nikanywa ziwa. Memsahibu akaja anaogelea, daftari kaling'ata kwa meno, akanishika ukosi. Bwana muda wote huo anapiga picha.

Nilipofumbua macho nimelala kifudifudi kwenye matope, mbele yangu kuna miguu na kapu la sokoni. Nikaitambua miguu. Lakini heshima kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lile kule si hori langu?"

"Ndilo, baba."

"Na hicho kilichopanda juu yake?"

"Kenge, baba."

Nikajua Anaeli ndiyo basi. Nililia, nawaambia ukweli; bahati nilikuwa nimelowa uso mzima.

"Imekuwaje?" akauliza.

Ningesema upepo. Ningesema Memsahibu. Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. "Maji yaliingia, baba. Nikachomoa kizibo ili yatoke."

Mzee akalitazama hori, akautazama mkono wangu. Akainama akaninong'oneza, "Hata mimi ningechomoa."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya kapu lake na nyanya zake humo ndani. Akamgeukia Bwana, ambaye hakuelewa lolote, akamwambia, "Huyu viatu vinamdanganya tu. Huyu ni mtoto wa nyumbani!"

Posa imekubaliwa. Harusini mnakaribishwa wote, na mbege itachachushiwa kwenye hori hilo hilo alilopanda kenge. Mnywe, msicheke.