Babra na Peke Yake

Jumatatu, 20 Januari 2025
Sijamwambia mtu mwingine: nina miaka kumi na saba, nimemaliza shule, na siwezi kuoga peke yangu. Naogopa! Nyumbani Nakivale, kambi ya wakimbizi, pale Kashojwa, mdogo wangu Uwera alikuwa akisimama nje ya bafu akiimba wimbo wa kanisani mpaka nimalize. Sasa niko Mbarara, kwenye nyumba za wanajeshi, na kazi yangu ni kumfundisha mtoto, Babra, kuoga mwenyewe. Mimi! Mama Babra amesema, kwa Kiswahili chake cha wanajeshi, mtoto anaanza shule ya nasari. "Kama Jumamosi mtoto bado naogeshwa, wewe narudi Nakivale." Kurudi mikono mitupu! Enid, yaya wa jirani, alisikia akacheka. Meddy, mtoto anayemlea yeye, anajiogesha.

Jumanne, 21 Januari
Babra alilia alipoona ndoo. Nilimwambia ataoga peke yake. Akaacha kulia. Akatazama huku na huku.
"Anti, Peke yangu iko wapi?"
Nilitaka kumwambia Peke si mtu. Lakini ameacha kulia! Nikaonyesha bafu kwa kidole. Akakimbilia ndani. Akatoka na masikio safi kabisa. Mjanja mimi!

Jumatano, 22 Januari
Babra amepiga mswaki, amevaa soksi. Vyote na Peke. Akamwachia nusu chapati kwenye sahani nyuma ya mlango. Niliila, ili aamini. Aliporudi hata hakuangalia sahani. Alisema Peke amekasirika, Anti amekula chakula yake.
Hakuniona. Nina hakika hakuniona.

Alhamisi, 23 Januari
Leo Babra amejivisha gauni la kanisani, lenye vifungo mgongoni. Mkono wa mtoto haufiki. Vyote vimefungwa! Mama Babra alikuwa kazini. Nikauliza nani kamfungia. Babra alinishangaa: Peke yake, kama nilivyomwambia.
Sakafuni nyayo za maji. Ndogo zinatoka bafuni. Ndefu zinaingia tu.
Nilipiga deki haraka. Mama Babra hapendi uchafu.

Jumamosi, 25 Januari
Babra alioga, akajipaka mafuta, akavaa. Mama Babra alipiga makofi. Ninabaki! Kisha akakunja pua.
"Na wewe Anti, naoga lini?"
Enid alicheka mpaka akashika ukuta.
Mwenye akili angekiri kuwa anaogopa. Mimi nilichukua ndoo, nikafunga komeo, nikanong'ona: Peke, simama nje, uimbe.
Akaimba. Wimbo uleule wa Uwera. Ila sauti haikutoka nje; ilitoka mle mle bafuni.
Nimeoga vizuri sana. Kesho nitamwomba anisuke nywele. Wewe unayesoma, tafadhali, usimwambie mtu. Hasa Enid. Huyu ni Peke yangu.