Minyaa Mbele ya Gesti

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kibondo.
Nimepata! Bi Mwanaamina anataka bustani mbele ya gesti yake kabla wageni wa harusi hawajafika Ijumaa kutoka Kasulu. Atakayempendeza anaajiriwa moja kwa moja. Mpinzani wangu ni Mansuri, yule wa ukoka. Ukoka, kiangazi hiki! Bomba linakohoa vumbi tu. Mimi nitapanda minyaa: kijani mwaka mzima, haiombi maji, mbuzi hawaigusi. Akili hizi sijui nimezitoa wapi! Mke wangu Benita kasema nikikosa na hii, tunahamia kwa baba yake Munanila nikalime maharage. Mzee anayeniamsha kwa kugonga sufuria! Siendi.

Jumanne, 5 Agosti.
Mansuri kapita na madumu ya maji kwenye baiskeli. Ukoka wake umekuwa rangi ya mkeka. Nimemsalimia kwa heshima zote. Nikaenda kuchekea nyuma ya choo.

Jumatano, 6 Agosti.
Tayari! Vijiti nimekata kwenye ua wetu (Benita anauliza kuku watazuiwa na nini). Mstatili mmoja, safi kabisa. Sikuwa na futi, nikajilaza chini kupima urefu. Katikati tuta la udongo. Kuzunguka, mawe niliyoyapaka chokaa. Benita kaja, katazama, kaniuliza kama nina hakika. Wivu huo! Bi Mwanaamina yuko jikoni na masufuria yake, kasema ataiona pamoja na wageni.

Ijumaa, 8 Agosti.
Wageni walishuka kwa vigelegele. Kuiona bustani, kimya. Nikajua imewagusa! Shangazi wa bwana harusi akauliza yuko wapi Mzee Abdulrahmani, mume wa Bi Mwanaamina. Kaenda Ujiji kufuata mzigo, lakini kabla sijamaliza kusema hayupo, mama wa watu kavua viatu, kakaa chini. Yebabawe! Wote wakaangua kilio. Bi Mwanaamina akatoka na mwiko, akapewa pole, naye akalia bila kujua anamlilia nani.

Mara bodaboda. Mzee Abdulrahmani huyo, mzima, na begi lake! Mbio walizotoka! Shangazi tumemkuta nyuma ya tangi la maji.

Ati minyaa, tuta na mawe meupe ni kaburi. Sawa, hata babu yangu kazungushiwa hivyohivyo. Lakini ile ilikuwa bustani! Kazi kapewa Mansuri. Roho inaniuma.

Jumapili, 10 Agosti.
Benita anafunga mizigo ya Munanila. Haraka ya nini? Nimekaa, nimefikiri, kosa nimeliona: nilipanda mstatili mmoja tu. Mmoja, mtu akidhani kaburi, ana haki. Ikiwa kumi na miwili, imepangwa mstari, nani atadhani tena? Na hospitali wanatafuta mtu wa kupendezesha mbele ya wodi ya wazee! Kesho asubuhi niko kwa mganga mkuu wao. Mawe nimeshayapaka chokaa.