Kanisa Zima Viongozi, Mchungaji wa Kawaida

Leo nimeaibika. Kanisani, katikati ya ibada, kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Kanisa letu liko Kawangware 46, hapa Nairobi. Miaka yote maombi ya siri yaliandikwa kwenye vikaratasi na kutiwa kikapuni, Mchungaji akayasome peke yake. Mwezi uliopita kikapu kilipinduka mlangoni, upepo ukasambaza siri za watu hadi kwa muuza mutura, zile soseji za matumbo, ng'ambo ya barabara. Nikajitolea kutengeneza programu ya simu. (Hakuna aliyeniomba. Kumbukeni hilo.)

Mpango ulikuwa safi. Kila mtu angeandika ombi lake kwenye simu. Kitufe cha kuyasoma, "Fungua Maombi", kingeonekana kwa viongozi pekee, yaani Mchungaji na wazee wawili. Muumini wa kawaida asingekiona kabisa, na huwezi kubonyeza kitufe usichokiona. Nilijiona mwerevu sana.

Wiki hii watu wakajisajili. Fomu iliuliza: wewe ni Kiongozi au Muumini wa Kawaida? Nikawaacha wajichagulie. Si ni watu wa Mungu?

Leo baada ya nyimbo nikaitwa mbele nieleze. Nikaeleza, mkono mmoja mfukoni, kisha nikamwomba Mchungaji afungue wa kwanza.

Akatazama simu. Akavaa miwani. Akatazama tena.

"Ndugu, hii yangu haina kitu."

"Labda ni bando, Pasta."

"Bando iko. Kitufe ndiyo hakuna."

Nikachungulia. Chini ya jina lake: Muumini wa Kawaida.

"Pasta, mbona ulijiandika hivi?"

"Si sisi sote ni sawa mbele za Mungu?"

Baba Wafula, mpiga ngoma wetu, akainua simu yake. "Kwangu kiko. Tena kikubwa."

"Lakini wewe si kiongozi, Baba Wafula."

"Na ngoma inaongozwa na nani?"

Nikauliza, kwa sauti ndogo, nani mwingine anakiona. Mikono ikainuka benchi kwa benchi. Anayepanga maua ni kiongozi wa maua. Anayefungua geti ni kiongozi wa geti. Kanisa zima, aliyekubali kuitwa wa kawaida ni Mchungaji peke yake.

Na vidole vilikuwa vimeshabonyeza. Ukaingia ule ukimya wa watu wanaosoma.

Sasa, Mama Nekesa. Ndiye mkuu wa mapokezi, na ndiye aliyenipokea nilipotoka Bungoma sijui mtu Nairobi. Kila Jumapili mimi hula kwake, na kila Jumapili Phanice, binti wa kaka yake, hukalishwa kando yangu kwa bahati iliyopangwa vizuri. Mama Nekesa hajui kusoma kimoyomoyo.

"'Ee Bwana, mguse Mama Nekesa aache kunitafutia mke.'"

Akatafuta jina la mwombaji. (Programu yangu, kwa uaminifu wote, ilikuwa imeliandika.) Akanitazama.

"Kumbe," akasema, akafunga kibeti.

Nikatoa simu haraka nikawashusha wote vyeo, mmoja mmoja. Hilo likawa kosa la pili. Vitufe vilipopotea, kanisa likawaka.

"Miaka kumi na moja napiga ngoma hapa," Baba Wafula akasema, "leo nimekuwa wa kawaida? Nimefanya dhambi gani?"

Mchungaji akatangaza wimbo. Mrefu.

Baada ya ibada nikamfuata Mama Nekesa nje. Huyu ndiye mama niliye naye hapa mjini. Phanice alikuwa kando yake, anatazama viatu.

"Mama, nisamehe. Sikumaanisha vibaya."

"Wewe nimekusamehe. Nyinyi wawili mna shida moja." Akamwonyesha Phanice kwa kidevu. "Huyu amekiri sasa hivi kwamba aliomba siku mbili kabla yako. Na yake ni ndefu."

Nimefika kwangu Gatina nikalitafuta ombi la Phanice. "Bwana, mguse Anti aache kuniketisha na yule kijana wa kompyuta. Anaongea hadi ugali unapoa."

Sikuwa na nia ya kumuoa. Nataka hilo lieleweke. Lakini ombi hilo nimelisoma mara nne sasa, maana katika kanisa zima, anayeona kile kitufe nimebaki mimi tu. Mnaotaka kucheka, chekeeni huko huko kwenu.