Mtaalamu wa Mazulia

Mtaalamu hakuwa mgonjwa. Alipanga foleni duka la dawa kila asubuhi kwa sababu mwenye shida hana muda wa kuuliza maswali, na yeye maswali hakuyapenda. Siku hiyo mbele yake alisimama mjane mmoja mwenye nyumba kubwa, macho mekundu, akipiga chafya mfululizo.

"Pole, mama. Pua inatiririka maji, macho yanawasha, homa huna. Ukiamka ndiyo balaa, ukitoka nje unapata nafuu."

"Umejuaje, baba?"

"Ndiyo kazi yangu. Mafua yangekwisha zamani. Hiyo ni aleji, na adui unaishi naye."

Kila neno lilikuwa kweli. Mtaalamu aliwahi kufagia zahanati miezi mitatu, na ukweli kidogo aliuokota humo pamoja na takataka nyingine.

Nyumbani kwa mjane alikuta mazulia manane mazito, akameza mate.

"Haya ndiyo yanayokumaliza. Vumbi lake lina wadudu wasioonekana. Niachie siku tatu nikayatie dawa."

"Na usiporudi?"

Mtaalamu alivua suti yake ya sufu, akabaki na fulana na kaptula. Tapeli bila suti ni mwongo wa kawaida tu, na hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Lakini mazulia manane yangemnunulia kabati zima la suti.

"Nakuachia hii, mama."

"Haya. Ila mashuka na mapazia yafuliwe kwanza kwa maji ya moto. Adui si yumo humo pia?"

Angekataaje? Alifua, akaanika, akaburuta magodoro juani. Aliposhika ufagio, mjane alimzuia.

"Usitimue vumbi, mwanangu. Futa kwa kitambaa kibichi."

Hapo angepaswa kujiuliza mgonjwa huyu kajifunzia wapi. Lakini tamaa ilikuwa imemkaa kichwani, akafuta hadi uvunguni, kisha akapakia mazulia kwenye mkokoteni na kuusukuma mwenyewe hadi kwa muuza samani kuukuu.

Muuza samani alilipindua la kwanza, akalipindua la pili.

"Nondo wamekula chini kote. Ukilikung'uta vumbi, hakuna zulia. Yatoe hapa, unanichafulia duka."

Mtaalamu aliyakung'uta yote manane, akitafuta japo moja zima. Hakulipata. Aliyasukuma hadi jalalani, na kufika huko macho yalikuwa yamevimba na pumzi inamkatika. Alirudi kwa mjane akiwa na hasira na hofu pia, maana bila suti kesho hana kazi.

Mjane alifungua mlango, anapumua vizuri kabisa.

"Mfamasia aliniambia mwezi uliopita niyatoe mazulia na nifue kila kitu. Wazoa taka wakataka hela, dobi naye akataka hela. Ndipo ukaja wewe, mwanangu. Mungu akubariki."

"Suti yangu, mama."

"Shemeji yangu kaivaa, kaenda kuomba kazi. Imemkaa vizuri sana."

Mtaalamu alifungua kinywa atukane, kikatoka kikohozi. Kifua kilipiga mluzi. Mjane alimtazama, na safari hii alimhurumia kweli.

"Hicho kifua si cha kungoja. Nenda zahanati sasa hivi, wakupime. Na njiani akikusimamisha mtu anajiita mtaalamu, usimsikilize."