Kumwangusha Shemeji Mwidani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimewaficha jambo. Hapa nyumbani wote wadhani nang'ang'ania uhai kwa ajili ya wajukuu. Hasha. Sitaki kufa kabla ya kumwangusha Mwidani, dada wa marehemu mke wangu, kwenye gemu la televisheni la mjukuu wangu Nadira.

Ndani yake mna vijitu vilegevu kama unga uliokandwa wa mahamri. Vinakamatana juu ya paa na kurushana chini. Nilifundisha fizikia hadi nikastaafu; mizani ya mwili naijua. Kijitu changu hakiijui. Leo kimejirusha chenyewe. Mwidani akaniuliza kama nimeshuka kununua mbaazi.

Jumatano, 6 Agosti

Daktari asema moyo umechoka, nisisisimke. Nikamuuliza Nadira kama kukaa kitini ni kusisimka. Akasema kwa wengine, la.

Hila ya leo: kumlisha Mwidani halua kabla ya mchezo, vidole vimnatie kwenye pedi ya kuchezea. Akavilamba, akakikamata kijitu changu mguu, akakitupa. Kisha akaomba halua nyingine.

Ijumaa, 8 Agosti

Njia imepatikana. Mgonjwa akiita watu kutakana radhi, hakuna amkataliaye. Nimejilaza chali, nikamtuma Nadira Kisauni amwite.

Akaja analia. Nikamtaka radhi kwa utani wa miaka yote. Akasema amenisamehe duniani na akhera, nami nimsamehe. Nikasema nimesamehe, ila kuna dogo limenikaa moyoni. Akauliza lipi. Nikamwonyesha televisheni.

Akafuta machozi. Kisha akaketi kando ya kitanda.

Kijitu chake kilisimama ukingoni kama abiria wa feri. Nikakisukuma. Kikaenda chini! Nadira alinipima mapigo ya moyo, akanikataza kucheka.

Jumapili, 10 Agosti

Kalamu nzito. Pumzi fupi. Mwidani ameleta uji, akauliza kama moyo sasa umeridhika. Nikamjibu umekaribia, lakini kuna makosa mengine nimeyakumbuka, itabidi tutakane radhi tena kesho baada ya alasiri. Akasema, "Shemeji, watu hufa mara moja." Hakusema kwamba haji.

Na kwa kuwa siku zenyewe si nyingi, niseme kweli. Ijumaa Mwidani hakucheza. Pedi aliiweka kitandani, akawa anavuta tasbihi na kuniombea. Niliona tangu mwanzo. Nikamsukuma vivyo hivyo.