Sanduku la Joka

Leo aibu imenipata mchana kweupe, katikati ya Misikhu, na niliibeba mwenyewe kutoka Kitale.

Wengi mnajua marehemu mume wangu alipenda kufinyanga watu wadogo wa udongo. Mfalme, askari wa kimo cha kidole, majitu mawili, na joka la kijani. Alimwahidi binti yetu Nekesa kwamba wote watakaa kwenye mlima mmoja wa ajabu. Akafa mlima haujaisha. Nekesa akaenda kuishi na mama mkwe wangu Misikhu, mimi nikabaki Kitale na udongo. Mlima nimeumalizia polepole. (Majitu yangu yana miguu minene. Mume wangu angecheka.)

Leo nilitaka kitu kimoja tu: mlima umfikie mtoto bila joka kuvunjika.

Jirani yangu fundi akanitengenezea sanduku la kuubebea. Kazi yake ni majeneza. (Ndiyo, najua. Sasa najua.) Alipaka vanishi, akaweka vishikio vya kung'aa, na juu akatia kidirisha cha kioo chenye kifuniko. "Mtoto atachungulia hapa bila kufungua yote," akasema. Nikaona fundi ana akili.

Nikalifunika kwa leso kwa sababu ya vumbi. Mimi bado navaa nyeusi. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi akanipa lifti, nikakaa nyuma ya pikapu, mkono juu ya sanduku safari nzima. Kila tuta nilifumba macho.

Tulipofika Misikhu, vijana wa bodaboda wakavua helmeti.

"Pole sana, mama."

Mimi huambiwa pole kila siku. Nikajibu, "Asante, wanangu. Ni mapenzi ya Mungu."

"Wacha tukubebee."

Wakabeba wanne, sanduku jepesi hivyo. Nikafikiri, watu wa Misikhu wana heshima bana. "Polepole," nikawaambia, "shingo nimeunga na gundi."

Kijana mmoja akanitazama. Akashika vizuri zaidi.

Wauza mboga wakaacha meza zao wakatufuata. Mmoja akaanzisha wimbo wa msiba. Nikajiuliza ni nani amefariki huku na sisi wa Kitale hatujaambiwa. Halafu wimbo wenyewe ndio tuliomzikia mume wangu. Nikaimba. Kusema kweli, nikalia pia. Walipoona nalia, wakaongeza sauti.

(Nilijiunga na matanga yangu mwenyewe bila kujua.)

Mama mkwe alikuwa akianika mahindi. Akatoka mikono kichwani. "Mama Nekesa, umetuletea nani?"

"Joka," nikasema. Nani angenisikia? Sanduku lilikuwa tayari juu ya viti viwili, na mama mmoja mzee wa kanisa alikuwa akivaa miwani.

"Tumwone uso kwanza," akasema. "Kwani tutazika mtu hatujamwona?"

Akainua kifuniko. Akainama. Akakaa hapo. Kisha akainuka polepole, akamgeukia mama mkwe.

"Huyu mtoto ana pembe."

Watu wote wakanigeukia. Nikaanza kueleza, na kila nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika.

"Ati tumelilia udongo?"

"Mimi nimeacha nyanya zangu juani kwa sababu ya nyoka mwenye mabawa?"

Nilitamani kuingia kwenye sanduku mwenyewe. Hapo Nekesa akapenya katikati ya watu, akabandika uso kwenye kioo. Joka lilikuwa zima.

"Ni mlima wa baba," akasema.

Tangu mazishi hakuwa amemtaja baba yake mbele ya watu. Sasa hakunyamaza. Huyu ndiye mfalme, hawa askari wanaogopa mvua, joka halili watu, linakula viazi. Waombolezaji wakapanga foleni. Kila mmoja akainama, akatazama, akampisha mwenzake, vilevile kama msibani, ila walitoka wakicheka. Yule mama mzee alirudi foleni tena. "Haya majitu," akasema, "yana miguu kama yangu."

Sasa, kwetu aliyekusindikizia sanduku mpaka nyumbani haondoki bila chai. Kwa hivyo mkitaka kucheka, chekeni. Lakini mwenye roho nzuri aje anisaidie kuosha vikombe.