Kiungo cha Siku Tatu

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba kwa mwaka wa tatu mfululizo, Kitengo cha Kushughulikia Upakuaji Usiofanikiwa hakijaacha upakuaji hata mmoja ushindwe bila kujaziwa fomu. Mimi ndiye mkuu wa kitengo hicho. Sisemi kwa kujisifu, maana kujisifu kuna idara yake, ghorofa ya nne.

Kwa wale ambao bado hawajayaelewa maendeleo, nieleze. Zamani kila fundi, kila mwenye duka na kila kinyozi alikuwa na daftari lake, limekunjika pembe, lina madoa ya chai, na humo ndimo alimoandika habari za wateja wake. Mamlaka ya Taarifa za Raia ikaona huo ni uholela. Tukaanzisha kampeni ya Daftari Sifuri. Tulikusanya madaftari yote, tukayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, picha tukaziweka kwenye akaunti ya kila mwenye daftari, na karatasi zenyewe tukazipeleka kiwandani zikawa trei za mayai. Ikafuata Kanuni ya Mara Moja: taarifa ambayo Mamlaka inayo tayari, ni marufuku mtu mwingine kuichukua tena kwa raia. Raia asisumbuliwe mara mbili. Ukimsumbua mara moja ukamsumbua vizuri, inatosha.

Sasa tunahamia mfumo mpya ulioboreshwa, na akaunti za zamani zilipangiwa kufutwa mwisho wa mwezi. Kila mwenye chake akipakue mapema. Asiyepakua asije akasema hakuambiwa, tangazo tuliliweka ndani ya akaunti hizo hizo ambazo watu wanashindwa kuzifungua.

Mambo yalikuwa shwari mpaka aliponijia mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata msibani. Daftari lake lilikuwa na vipimo vya watu mia tatu na kumi na wawili: kifua, kiuno, mabega, na nani bega lake moja limeshuka na hataki lisemwe. Sisi ndio tuliolichukua. Nililibeba mimi mwenyewe, kwa heshima ya ukwe, kwa mikono miwili.

Alifika ofisini asubuhi, akawakuta watu wamejaa kwenye mabenchi, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Shikamoo mama," nilisema, nikasimama, maana mkwe hasalimiwi umekaa.

"Marahaba baba. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Sasa mama, naomba urudi pale mlangoni ukachukue namba. Hapa ofisini hakuna mkwe, kuna mteja."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuichukua. Ilikuwa namba mia na sita. Zamu yake ilifika saa nane mchana.

"Nimeomba vipimo vyangu mara nne," alisema. "Mara nne vimenigomea. Bila vipimo sishoni. Na kumpima mtu upya mmenikataza. Juzi mkaguzi wenu amenikuta nampima mwalimu, akaninyang'anya futi siku mbili."

Nikafungua Mwongozo wa Utatuzi, ukurasa wa kwanza.

"Simu umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha, nimeipumzisha juma zima kama mzazi."

"Umefuta kumbukumbu za kivinjari?"

"Nimefuta nisichokijua. Picha za wajukuu zimekwenda na maji. Wanao hao hao."

"Umebadilisha mtandao?"

"Nimebadilisha mtandao, nimebadilisha simu, nimesimama juu ya kiti na miguu yangu hii nitafute mnara. Kilichobaki kubadilisha, baba, ni mkwe."

Watu wa kwenye mabenchi walicheka. Nikaandika kwenye fomu: mteja ana hasira, huenda hasira ndiyo chanzo cha hitilafu.

"Hebu nieleze hiyo kazi inavyokwenda," alisema. "Taratibu. Kama unamweleza mtu mwenye akili."

Nikamweleza. Ukiomba taarifa zako, Idara ya Usalama, ghorofa ya pili, inakutengenezea kiungo siku hiyo hiyo. Ukikibonyeza, mafaili yako yanashuka kwenye simu. Kiungo kinaishi siku tatu tu kisha kinakufa, ili wezi wasikikute. Lakini hakifunguki bila namba ya siri, na namba ya siri inatoka Idara ya Uhakiki, ghorofa ya tano, baada ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Uthibitisho huo huchukua siku saba za kazi.

Bi Futi alisogea karibu. Akaivua futi shingoni, akaikunjua juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye tatu na kingine kwenye saba.

"Mlango unafungwa hapa," alisema. "Ufunguo unakuja hapa."

"Naam, mama."

"Na wewe unaona sawa."

"Tatu ni usalama, mama. Saba ni umakini. Sasa ungependa tupunguze usalama au tupunguze umakini?"

"Na binti yangu aliniapia kwamba una akili," alisema, akaikunja futi yake.

Alikuwa anaondoka, akarudi. Safari hii alisema kwa sauti ya chini. "Ukurasa wa kwanza wa daftari lile ni mkono wa marehemu. Mimi nilikuwa napima, yeye anaandika. Miaka sita aliandika yeye, mpaka alipolala. Vipimo vya watu nitahangaika navyo. Ule mwandiko nitautoa wapi?"

Niliumia, sikatai. Baba mkwe alinipenda kuliko nilivyostahili. Lakini fomu yetu haina nafasi ya kuumia, kwa hiyo nilipiga mhuri nikamwambia aanze upya.

Jioni nyumbani niliketi mezani, nikaona watoto wanakula na mbele yangu hakuna sahani. Mke wangu akaniwekea kipande cha karatasi. Kilikuwa kile kile chenye namba mia na sita.

"Subiri uitwe," aliniambia.

Ndipo nilipoamua kulipeleka suala hili kwa Mkurugenzi Mkuu, kwa maslahi mapana ya taifa na ya tumbo langu. Nilimwomba aruhusu Idara ya Usalama na Idara ya Uhakiki zikutane walau mara moja. Akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kijana, idara mbili zikikutana zitaelewana. Zikielewana, itaonekana moja haina kazi. Unataka watu wakose ajira?" Kisha akakumbuka jambo. "Huyo Bi Futi si ndiye anayenishonea tangu nikiwa karani? Mwambie nataka suti. Waziri anakuja kutukabidhi Ngao ya Huduma Isiyokatika."

Mama mkwe alikuja na futi yake shingoni. Akamwambia Mkurugenzi asimame. Mkurugenzi akarudi nyuma hatua mbili.

"Vipimo vyangu Mamlaka inavyo. Nitunge kanuni mimi, halafu niivunje kwa kiuno changu mwenyewe?"

"Basi nipeni vile nilivyowaletea."

"Viombe kwenye akaunti yako."

"Nimeomba mara saba sasa."

"Hongera. Ustahimilivu kama huo tunauhitaji."

Akaniagiza nitafute suluhisho la mpito. Suluhisho likapatikana siku hiyo hiyo, likaitwa Kipimo Rasmi cha Wastani. Idara ya Takwimu ilichukua wateja wote mia tatu na kumi na wawili wa Bi Futi, wanafunzi wembamba, wapishi wanene na mcheza mieleka mmoja, ikawajumlisha, ikawagawanya, ikatoa mtu mmoja. Niliuliza kwa unyenyekevu Takwimu waliwezaje kuviona vipimo ambavyo mwenyewe havioni. Mkurugenzi akanijibu kwamba wenye nyumba hawapigi hodi.

Kiuno cha wastani kilikuwa inchi thelathini na sita. Mkurugenzi, kwa kumkadiria tu kwa macho na kwa heshima zote, si mtu wa wastani.

Bi Futi aliisoma barua ya kipimo hicho mara mbili. "Nishone hivi?"

"Hivi hivi," alisema Mkurugenzi. "Usipunguze, usiongeze."

"Weka sahihi."

Akaweka sahihi na mhuri. Mama mkwe akaikunja barua vizuri, akaitia mkobani.

Siku ya sherehe zilikuwa zimebaki siku mbili akaunti zifutwe. Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alivalishwa kwenye chumba cha nyuma, dereva akivuta upande wa kushoto na mlinzi upande wa kulia. Suruali ilishikwa na kifungo kimoja na imani. Nilimshauri avae suti ya zamani. Akanijibu kwa pumzi fupi fupi kwamba hawezi kuikataa barua aliyoisaini mwenyewe.

Bi Futi alikuwa amekaa safu ya mbele, kwa mwaliko wetu. Takwimu zilionyesha kwamba hakuna raia mwingine aliyeanza upya mara kumi na moja, hivyo alichaguliwa kuwa Mteja wa Mfano apewe cheti.

Waziri akasimama, akainua ngao. Mkurugenzi akasogea mbele ya kipaza sauti akanyoosha mikono kuipokea. Koti likapasuka mgongoni kutoka kola hadi chini, na kipaza sauti kikaufikishia ukumbi mzima mlio huo. Kifungo cha suruali kikaruka, kikatua kwenye glasi ya maji ya Waziri. Mkurugenzi akaibana ngao mbele ya suruali. Ni ngao nzuri, pana, na hapo ndipo nilipoiona faida yake.

"Bi Futi," alinong'ona, akisahau kipaza sauti. "Njoo unipime."

Bi Futi alisimama. "Siruhusiwi, Mkurugenzi. Taarifa zako Mamlaka inazo tayari. Raia hasumbuliwi mara mbili."

"Nimekuruhusu."

"Kwa maandishi?"

Mkurugenzi alinitazama, nikatoa kalamu, akaandika nyuma ya ratiba ya sherehe kwamba kupima kumeruhusiwa, akatia sahihi huku ngao akiishikilia kwa kiwiko. Bi Futi akapanda jukwaani. Akatoa mkobani daftari jipya la karatasi, akanikabidhi mimi, niliyewahi kulibeba lile la kwanza kwenda kuwa trei za mayai.

"Mimi napima," aliniambia. "Wewe andika."

Nikaandika. Najua alikuwa anamkumbuka nani, maana na mimi nilimkumbuka.

"Kiuno," alisema kwenye kipaza sauti, "arobaini na mbili na nusu."

Waziri alikuwa anautazama mlango ili asicheke. Mkurugenzi akauliza suti itakuwa tayari lini.

"Baada ya siku saba za kazi," alisema Bi Futi. Akachana karatasi moja kutoka kwenye daftari, akampa. "Hii ndiyo ya kuchukulia nguo. Usiipoteze. Inakwisha muda wake baada ya siku tatu."

Mkurugenzi aliigeuza karatasi ile. "Nitaichukuaje sasa? Nguo siku ya saba, karatasi siku ya tatu? Huo ni wendawazimu gani?"

"Muulize mkwe wangu. Ndiye mtaalamu."

Nikajibu, maana nimefunzwa kujibu. "Tatu ni usalama, Mkurugenzi. Saba ni umakini."

Waziri akaacha kuutazama mlango. "Ndivyo mnavyowafanyia watu?" aliuliza. Nyuma ya ukumbi sauti moja ikasema ndivyo, kisha nyingine, kisha safu nzima, na wengi wao niliwatambua kwa namba zao.

"Mfungulie mama huyu taarifa zake," Waziri alimwambia Mkurugenzi. "Sasa hivi, mimi nikiona. Na akaunti hata moja isifutwe mpaka mwenyewe atoe chake."

Mkurugenzi alipiga simu ghorofa ya pili, kisha ya tano. Namba ya siri iliingia kwenye simu ya mama mkwe baada ya dakika nne. Idara ya Uhakiki ilikiri baadaye kwamba kazi yenyewe huwa ni dakika nne, hizo siku saba ni kwa ajili ya kuiheshimu foleni. Faili likaanza kushuka. Tukalitazama sote, Waziri, mimi, na Mkurugenzi na ngao yake, mpaka likafika mia. Bi Futi akafungua ukurasa wa kwanza. Ulikuwa na madoa ya chai na mwandiko mkubwa umelalia kushoto. Akaugusa kwa kidole ukakua, akauweka sawa, akakaa chini pale pale jukwaani akalia, na hakuna aliyemwambia achukue namba.

Mimi nyumbani sasa napewa sahani bila kuitwa. Kazini, wiki iliyofuata, Mkurugenzi alinijulisha kwa masikitiko kwamba uchunguzi umebaini mwenye kosa ni mimi, na kwamba nimehamishwa. Kituo changu kipya kimetajwa kwenye barua iliyowekwa ndani ya akaunti yangu ya mtumishi. Waziri aliwataja raia tu, hakuwataja watumishi, kwa hiyo kwetu sisi utaratibu haujabadilika. Nimeshaomba kuipakua mara tatu. Kila namba ya siri inapofika, kiungo kimekwisha muda, na kitengo kinachoshughulikia matatizo ya aina hiyo kimenijibu kwamba kwa sasa hakina mkuu.